Fonti nene ya kadi za watoto: matundu ya "a" na "e" yanaziba, nimekosea wapi?

mchora_kadi

Wakuu, salamu kwenu nyote.

Mimi ni mwalimu wa watoto wanaoanza kusoma, na kwa miezi mitano sasa nachora fonti yangu ya kwanza. Ni herufi nene, pembe zote zimeviringwa, na sehemu ya chini imejaa kuliko ya juu, kama mtoto aliyeketi sakafuni. Nataka niitumie kwenye kadi za kusomea, jalada la kitabu cha hadithi na vibandiko. Nilianza na kalamu ya wino mzito kwenye karatasi, nikapiga picha, kisha nikafuatisha mistari ndani ya FontForge, programu ya kuchora fonti.

Vipimo vyangu ni hivi: uwanja wa herufi ni vipimo 1000, herufi kubwa zina kimo cha 720, na ndogo zisizo na shingo wala mkia (a, e, n, o) zina 620. Unene ni 190 kila mahali, mstari wa kusimama na wa kulala. Niliona nikilinganisha unene, herufi zote zitaonekana ndugu.

Kwenye skrini, nikizikuza, nazipenda sana. Nikichapa kadi kwa pointi 24, "a" na "e" zinaziba kabisa. "O" inaonekana fupi kuliko "H" ingawa nimepima na zote ni 720. Mstari wa katikati wa "H" unaonekana mnene kuliko nguzo zake, na wenyewe ni 190 sawasawa. Neno "wakawa" ndilo linaloniumiza zaidi: kila "w" ni doa jeusi na kila "a" ni kokoto.

Swali langu la mwisho: Cooper Black ni nene kuliko hata hii yangu, mbona inasomeka? Inafanya nini ambacho mimi sikifanyi?

fundi_brashi

Mwalimu, karibu. Umefanya vema kuweka vipimo, maana jibu limo humo humo.

Chukua "e" yako. Ukiipasua katikati kutoka juu kwenda chini, kisu kitakata mistari mitatu ya kulala: paa, mshipi wa kati na sakafu. Mitatu kwa 190 ni 570. Kimo chako ni 620. Zimebaki 50 za weupe, zigawanywe kati ya tundu la juu na mwanya wa chini, yaani 25 kila upande. Kwa pointi 24, hizo 25 ni milimita 0.2. Wino ukigusa karatasi hutanuka kidogo, na milimita 0.2 ndiyo hiyo imekwenda. "a" ya kawaida, yenye kofia juu na tumbo chini, ina mistari mitatu vilevile, kwa hiyo inakufa kifo kilekile.

Mimi nilianza kwa brashi, nikiandika mbao za matangazo miaka mingi kabla sijagusa kompyuta. Mzee aliyenifundisha hakuwa akiniambia ninenepeshe herufi. Aliniambia nipunguze uwazi. Mwanzoni nilidhani ni jambo lilelile kwa maneno mengine, hadi nilipoharibu mbao za kutosha. Anayenenepesha huongeza rangi mpaka inapogota. Anayepunguza uwazi huamua kwanza weupe ubaki kiasi gani, akaulinda, na rangi ikachukua kinachobaki. Herufi nene huchorwa kutokea ndani kuja nje. Hadi leo nikichora "e" nene, naanza na umbo la lile tundu. Nikilipenda, ndipo naivika nyama.

Sasa fanya hivi. Pandisha kimo cha herufi ndogo kutoka 620 hadi 680. Usiogope kwamba zinakaribia kubwa, fonti nyingi nene za mapambo ndivyo zilivyo, na shingo za b, d, h, k zipeleke 780 ili "h" isichanganywe na "n". Mistari ya kulala ishushe hadi 140. Mitatu ni 420, zinabaki 260, na kila uwazi unapata 130. Kwa pointi 24 hiyo ni zaidi ya milimita 1. Nguzo za kusimama ziache 190, au hata zipandishe hadi 210 ukipenda. Jicho litaapa kwamba herufi imenenepa, kumbe umepunguza wino mwingi.

Hapo hapo umepata jibu la "H". Jicho la binadamu huona mstari wa kulala kuwa mnene kuliko wa kusimama hata rula ikisema viko sawa. Kila mchora herufi hupunguza ya kulala, hata kwenye fonti zinazoonekana na unene mmoja. Na "O" ni fupi kwa sababu mviringo hugusa mstari kwa ncha tu, wakati "H" inakanyaga kwa unyayo mzima. Ipandishe ivuke kimo kwa vipimo 12 hivi juu, na 12 chini ya mstari wa msingi. Fanya vivyo hivyo kwa a, c, e, o, s na kila tumbo la mviringo. Rula italalamika. Iache.

Kuna mahali pa tatu ambapo weusi hujificha: pale tao linapoungana na nguzo, kwenye n, m, h, r, na tumbo la "a" linapokutana na mgongo wake. Hapo unene wa vitu viwili hukusanyika na kuwa fundo. Libonyeze tao lianze jembamba, kama 90, kisha linenepe likipanda. Matthew Carter alipochora Bell Centennial, iliyotoka mwaka 1978 kwa ajili ya vitabu vya simu vya AT&T huko Marekani, alikata vipembe ndani ya maungio ili wino wa mashine za kasi ujaze pale badala ya kuziba herufi. Zile zilikuwa herufi ndogo mno na zako ni kubwa na nene, lakini shida ni ile ile: weupe kidogo, wino mwingi.

Sasa Cooper Black. Oswald Cooper aliichora Chicago, ikatolewa mwaka 1922 na kiwanda cha herufi cha Barnhart Brothers & Spindler. Ikuze "o" yake uitazame vizuri. Kando ni nene sana, lakini juu na chini imekondeshwa mno ukilinganisha na kando, na tundu lake limelala, halikusimama wima. Kulalia huko ndiko kunakoipa uhai. Miguu yake nayo haikukatwa kwa mstari mnyoofu, imejaa kidogo kama kisigino, ndiyo maana inaonekana laini. Tundu la "e" yake ni dogo kweli, lakini ni tundu lenye umbo, haliko pale kwa bahati. Ndege za easyJet zimeandikwa jina kwa herufi hizo na unalisoma ukiwa mbali kabisa na uwanja.

Njia yenyewe ni ya zamani kuliko Cooper. London, mwanzoni mwa karne ya 19, akina Robert Thorne walipoanza kuuza herufi nene kwa ajili ya matangazo, walizifanya nguzo ziwe pana kupita kiasi na mistari ya kulala ikawa myembamba kama uzi. Herufi ilibeba wino mwingi na bado haikuziba. Wewe huhitaji uzi, kwa sababu fonti yako ni ya upole na mstari mwembamba namna hiyo ungeifanya ionekane kali. Ila lazima utofautishe.

Swali moja kwako: "a" yako ina kofia, au ni ile ya duara na nguzo kama tunavyoiandika kwa mkono?

kiwanda_cha_karatasi

Naunga mkono hesabu za fundi. Nachapa kila siku, na ningeongeza mambo mawili kutoka upande wa mashine.

Kwanza, jaribio la skrini halitoshi, na jaribio la karatasi laini ya kung'aa halitoshi pia. Chapa kwenye kadi ileile utakayotumia. Karatasi isiyopakwa hunywa wino na kuusambaza, kwa hiyo tundu lililopona kwenye karatasi laini linaweza kufa kwenye kadi.

Pili, ukigeuza rangi, yaani herufi nyeupe juu ya rangi nzito, mambo yanageuka. Wino sasa unaivamia herufi yenyewe kutoka nje. Nguzo zinakonda na mapengo kati ya herufi yanaongezeka. Herufi nene hustahimili hali hiyo kuliko nyembamba, na ndiyo sababu mimi huwashauri wateja watumie herufi nene wakitaka maandishi meupe juu ya rangi.

Kuhusu "a", nadhani najua fundi anakoelekea, nami nitapinga mapema: usiweke "a" ya duara kwenye fonti nene. Itafanana na "o".

mchora_kadi

Fundi, shikamoo, na asante sana. Ndugu wa kiwanda, asante nawe.

"a" yangu ina kofia. Niliiga vitabu. Lakini watoto wangu wanaandika ya duara, na kila mwaka kuna mtoto anayeniuliza ile herufi yenye kofia ni ipi.

Jana usiku nimebadilisha "e" na "o" kama ulivyosema. Nimekaa naitazama "e" kwa muda mrefu. Ina jicho sasa! Nimepandisha "O" vipimo 12 na imelingana na "H" mara moja, sikuamini. Nimebaki na "w", na sasa naogopa "m" pia. Halafu nikiandika neno zima, mapengo kati ya herufi yanaonekana makubwa, wakati nimeacha yale yale ya fonti ya kawaida niliyoanza kuipima.

fundi_brashi

Marahaba, Mwalimu.

Nianze na "a", kwa kuwa kwa Kiswahili ndiyo herufi inayoamua sura ya ukurasa. Hesabu herufi katika sentensi yoyote ndefu ya lugha hii, "a" itaziacha nyingine nyuma. Andika "wakawa", "tazama", "kaka", nusu ya neno ni "a". Fonti nyingi za mapambo tunazopakua zilijaribiwa kwa maneno ya Kiingereza, ambako "e" ndiyo inayotawala, na "a" ikitoka mbaya haionekani sana. Kwetu inaonekana kila mahali. Kwa hiyo muda utakaoutumia kwenye herufi zote nyingine, tumia robo yake kwenye "a" peke yake.

"a" ya duara ina mistari miwili tu ya kulala, paa na sakafu. Kwa kimo cha 680, miwili ya 150 inakuachia 380 za tundu. Ni hewa nyingi! Lakini ndugu yangu wa kiwanda hajakosea: kwenye herufi nene, nguzo ya kulia huzama ndani ya duara na macho yakaona "o". Lugha yetu haisamehe hilo, "kaa" na "koo" ni vitu viwili. Ukiichagua, ipe nguzo iliyonyooka upande wa kulia, toka juu kabisa hadi chini, na mguu wake utokeze kidogo nje ya tumbo. Kisha tundu la "a" lifanye kama tone, na la "o" libaki yai. Tofauti ya tundu inasomeka hata mtu akiwa mbali.

Ushauri wangu ni kuchora zote mbili. Ile ya duara iwe ya kawaida kwa ajili ya kadi za watoto, na yenye kofia iwekwe kama herufi mbadala kwa seti ya mtindo (kwenye OpenType, muundo wa faili za fonti, inaitwa ss01), ili anayebuni jalada aichague akitaka. Na ukiwa hapo, chora nakala ya pili ya "a" ileile ya duara, imeinama kidogo, tumbo limejaa kidogo zaidi. Kipengele cha calt, kinachochagua herufi mbadala kwa kutazama herufi jirani, kinaweza kuzibadilisha zenyewe ili "tazama" isitoke na "a" tatu zilizofanana kama matofali. Fonti ya mchezo hupoteza mchezo wake pale jicho linapogundua herufi ileile imerudiwa bila kubadilika, na kwa Kiswahili litagundua upesi.

Usitafute mchezo kwa kuzirusha herufi juu na chini ovyo. Naona wengi wanafanya hivyo na neno linaonekana limevunjika. Wewe tayari una wazo lako, mtoto aliyeketi sakafuni. Lifuate kila mahali. Tumbo la "b" lishuke, tumbo la chini la "B" na "S" liwe pana waziwazi, mshipi wa "e" upande juu kidogo ili uzito ukae chini. Wazo moja likirudiwa katika herufi 20 ndilo linaloitwa tabia ya fonti.

"w" ina mikono minne. Minne ya 190 ni 760 kabla hujaweka weupe wowote, ndiyo maana unaona doa. Kondesha mikono yote hadi 160, ile miwili ya ndani hadi 135, na kilele cha katikati kisifike juu, kiishie kwenye 480 hivi. Weupe utaingia kutoka juu. Ukitaka iwe laini zaidi, ichore kama "u" mbili zilizoshikana, inafaa sana kwa fonti kama yako. "m" ina nguzo tatu: zishushe hadi 180, acha 115 ndani ya kila tao, na uikubali iwe pana. Kuibana "m" ni kuiua.

Mapengo sasa. Weupe ulio ndani ya herufi na ulio kati ya herufi lazima viwe na uzani unaokaribiana. Ulichukua mapengo ya fonti nyembamba, ambayo matundu yake ni makubwa. Matundu yako ni madogo, basi na mapengo yawe madogo. Anza na "nnnn" hadi ionekane kama uzio wenye nguzo zilizo sawa, kisha "oooo", kisha "nonnoon". Ndipo uende kwenye jozi, yaani herufi mbili jirani zinazohitaji pengo lao peke yake. Orodha za jozi zilizomo kwenye programu zimejaa AV, To na We. Wewe shughulika na zile unazoziandika: ka, kw, wa, ya, ny, ta, fa, vy. "k" ikifuatiwa na "a" ya duara huacha shimo katikati ya miguu yake, hapo utasogeza kwa mkono.

Na ng' usiisahau. Alama ya juu ikichorwa nene kama nguzo, neno ng'ombe linakatika vipande viwili. Ifanye nyembamba, kama 120, iwe fupi, na iegemee juu ya bega la "g" ili "o" isogee chini yake. Watu huandika alama hiyo kwa namna tofauti kulingana na kibodi, kwa hiyo weka umbo lako kwenye nafasi zote tatu za Unicode, orodha inayoipa kila herufi namba yake kwenye kompyuta: U+0027, U+2019 na U+02BC, zenye upana uleule. Nimeona fonti nzuri ikiharibika kwenye ng'ara kwa sababu mchoraji alijaza moja na kuziacha mbili.

Mwisho kabisa, geuza karatasi juu chini. Neno likiwa limepinduliwa huwezi kulisoma, unabaki kuona weusi na weupe tu, na doa hujitangaza lenyewe. Nilifundishwa hivyo na mbao, na bado nafanya hivyo na skrini.

kiwanda_cha_karatasi

Nimekubali kuhusu nguzo iliyonyooka na tundu la tone. Nilikuwa nawaza ile "a" ya mviringo mtupu, ambayo nimeichapa mara nyingi mno.

Mwalimu, jambo moja la matumizi. Ikikamilika, usiandike hadithi yenyewe kwa fonti hii, jalada na vichwa tu. Maneno yetu ni marefu. "Hawajatuambia" lina herufi 13. Ukikadiria upana wa 600 kwa kila herufi, kwa pointi 72 neno hilo moja lina milimita 198, na karatasi ya A4 ina upana wa 210. Limemaliza ukurasa peke yake. Fonti nene inataka neno moja, mawili, matatu. Na mtu akija kukuambia aibane kwa kuivuta pembeni kwenye kompyuta, mkatalie: nguzo zitakonda na mistari ya kulala itabaki ilivyo, kazi yote aliyokueleza fundi itapinduka. Bora kupunguza ukubwa, au kuchagua neno fupi.

herufi_na_chai

Mimi nasoma tu, ila Mwalimu, ukitaka kuona ndani ya fonti nene zilizokamilika, pakua Baloo ya Ek Type au Fredoka. Zinatolewa kwa leseni ya SIL Open Font License, unaruhusiwa kufungua faili, kuzitazama nukta zake na hata kuzibadilisha. Ukitoa toleo lililobadilishwa, libaki chini ya leseni hiyo hiyo, na kama jina limehifadhiwa, ulipe jina jingine. Baloo ina matoleo ya Devanagari, Kitamili, Kibengali na maandishi mengine ya India, na kinachonivutia ni jinsi unene ule ule ulivyogawanywa kwenye maumbo tofauti kabisa.

mchora_kadi

Nimerudi baada ya siku tisa.

Nimefungua Baloo nikatazama maungio ya "n". Kweli tao linaanza jembamba! Nilikuwa nimeitazama fonti hiyo mara nyingi bila kuliona.

Nimechora "a" mbili za duara na moja ya kofia. Tundu la tone lilinichukua siku tatu, kwa sababu kila nililochora lilionekana kama chozi, na sikutaka watoto waone machozi. Hatimaye nimeiviringa ncha yake na kuilaza kidogo kushoto, sasa ni kama mbegu. "w" nimeifanya "u" mbili. Leo nimechapa kadi 12 kwa pointi 24, kwenye kadi ngumu isiyopakwa, nikazibandika ukutani na kurudi nyuma hatua sita. "Wakawa" linasomeka. "Kaa" na "koo" niliziweka jirani makusudi, na mtoto mmoja alizisoma zote mbili bila kusita.

Kilichobaki ni "k". Mguu wake wa chini unateleza mbele, na kila nikiuvuta ndani fundo linarudi pale katikati.

fundi_brashi

Mguu na mkono wa "k" visikutane kwenye nguzo, Mwalimu. Mkono wa juu ndio uguse nguzo, na mguu uchipuke kutoka kwenye mkono, mbele kidogo, kama 60 kutoka kwenye nguzo. Pale unapochipuka ukondeshe hadi 110, kisha unenepe ukishuka. Kanyagio lake likate tambarare ili lisiteleze.

Ukimaliza, weka hapa picha ya "kaka", "kuku" na "kwako". Nataka kuona hiyo mbegu.